Ukisema "kata hapa", asiyeona akate wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha ushonaji kwa video mtandaoni. Nina video zipatazo 60, nyingi za dakika sita hadi ishirini, na kazi yote naifanya mwenyewe kwa simu na kompyuta moja. Hivi karibuni watazamaji wawili wameniandikia. Mmoja ni kiziwi, anasema manukuu yanayojiandika yenyewe chini ya video zangu yanampoteza. Mwingine haoni, anasema anaipenda sauti yangu ila video ikiisha hajui nimefanya nini. Wa kwanza nilimjibu kwamba manukuu ndiyo hayo yaliyopo, wa pili nikamshauri aombe mtu akae naye amweleze. Majibu yangu yananikera tangu siku hiyo. Ni watu wawili tu kati ya wafuasi elfu kadhaa, lakini nataka kufanya vizuri. Nianzie wapi? Na je, lazima nirekodi upya video zote 60?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kukuandikia nilifungua video yako ya kubandika mfuko wa shati, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikasikiliza. Dakika mbili za kwanza tulikuwa pamoja: ulitaja kitambaa, uzi, namba ya sindano. Kisha mikono yako ikaanza kazi, na maneno yakawa haya: "Unachukua hiki, unakiweka hapa juu ya hiki, unakivuta kidogo hivi, halafu unapitisha mshono kutoka hapa mpaka hapa." Ngeli ilinisaidia kidogo tu. "Hiki" kilinijulisha kwamba si uzi wala sindano, lakini kingeweza kuwa kitambaa, kipande, kifungo, hata kidole. Baadaye muziki ukaingia, ukanyamaza sekunde 40, uliporudi ukasema, "Umeona? Rahisi tu." Sikuona.

Ndiyo maana nataka nianze na huyo mtazamaji wa pili, ingawa watu wengi katika jambo hili huanza na manukuu. Manukuu unaweza kuyarekebisha baada ya kurekodi. Maneno usiyoyasema hayarekebishiki kwa urahisi hivyo, na tatizo lako kubwa liko kwenye maneno manne: hapa, hiki, hivi, pale. Kwa mwenye macho, maneno hayo yanajazwa na picha. Kwa asiyeona yanabaki matupu.

Sikiliza hatua ileile ikisemwa namna nyingine: "Chukua kipande cha mfuko, kile tulichokunja kingo zake tatu na kuzipiga pasi. Kilaze juu ya kipande cha mbele cha shati, upande wa nje ukitazama juu. Ukingo ulioachwa bila kukunjwa… hapana, samahani, ule uliokwisha kushonwa pindo, uwe juu. Anza mshono kona ya juu kushoto, shuka mpaka chini, pita chini kwenda kulia, panda mpaka kona ya juu kulia. Ukingo wa juu usiushone, mkono utaingilia hapo." Nimekuachia makusudi yale marekebisho ya katikati, maana ndivyo utakavyozungumza mwanzoni, na si kosa. Bora kujirekebisha kwa sauti kuliko kunyamaza na kuuachia mkono useme. Utaona pia kwamba "hapo" imerudi mwishoni bila madhara, kwa kuwa imeshajulikana inarejea wapi. Neno lenyewe halina ubaya, linahitaji tu jina la kuliegemea.

Ushonaji una bahati ambayo masomo mengi hayana: ni kazi ya mikono, na asiyeona anaifuata kwa vidole. Kwa hiyo, pamoja na kutaja sehemu, taja mkono unahisi nini. Upande wa nje wa kitambaa hiki ni laini, wa ndani una vinyuzi vinavyokwaruza. Kunjo likipigwa pasi vizuri, kidole kinapita juu yake kama kwenye ukingo wa karatasi. Mshono ukikaa sawa, hupati donge upande wa chini. Mstari wa chaki hausikiki kwa kidole, kwa hiyo mweleze aweke pini badala ya chaki, au apitishe uzi wa kushikiza kwa mkono. Huyo mwenye macho naye atashukuru, maana wakati unaongea, yeye mara nyingi anatazama kitambaa chake na wala hakutazami wewe.

Haya ninayokueleza ni maelezo ya sauti yaliyofumwa ndani ya somo lenyewe. Kuna aina nyingine, ambapo msimulizi wa pili anaingia kwenye vituo vya ukimya na kueleza kinachoonekana. Fani hiyo ina historia: Gregory Frazier aliitetea katika utafiti wake wa chuo kikuu huko San Francisco katikati ya miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na upungufu mkubwa wa kuona, aliipeleka kwenye kumbi za maigizo mjini Washington. Tamthilia inaihitaji, kwa kuwa mwigizaji hawezi kusimama katikati ya kilio akatangaza kwamba ameshika barua. Wewe ni mwalimu. Unaweza kusema umeshika nini. Usimwajiri msimulizi wa kukuelezea jambo ambalo ungelisema mwenyewe siku ya kurekodi.

Hata maandishi unayoyatupa kwenye skrini, vile vipimo vyenye mishale, vinahitaji kusomwa kwa sauti. Kisoma skrini, ile programu inayomsomea asiyeona yaliyomo kwenye simu au kompyuta, hakiwezi kusoma maandishi yaliyochorwa ndani ya picha ya video. Na zile sekunde 40 za muziki huku video ikikimbia kwa kasi: ama zifupishe ziwe tano, ama sema, "Sasa nashona pande tatu bila kusimama, mnasikia cherehani." Ukimya mrefu humfanya asiyeona adhani mtandao umekatika.

Sasa tuje kwa mtazamaji wako kiziwi. Nilisoma manukuu yale ya mashine kwenye video mbili zako, na nilipofika dakika ya nne ya somo la kukata mabega nilishtuka. Wewe umesema: "Usikate kwenye mstari wa chaki." Mashine imeandika: "Ukate kwenye mstari wa chaki." Silabi moja imepotea. Anayesikia ataipata kwa sikio lake. Kiziwi atakata kwenye mstari, atakosa ile sentimita moja na nusu ya mshono, na nguo itambana mabegani. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kiswahili kinabeba ukanushi kwenye silabi fupi sana, "si" au "ha", tena mara nyingi kwenye mwanzo wa neno ambapo sauti huwa imemezwa na neno lililotangulia. Nikihakiki manukuu ya mashine, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ninayoiangalia. Ya pili ni namba na vipimo. Ya tatu ni majina ya zana, kwa sababu mashine isiyolijua neno haiachi nafasi wazi, inachomeka neno jingine linalofanana nalo.

YouTube ilianza kuweka manukuu ya kujiandikia mwaka 2009, na tangu hapo teknolojia hiyo imekua sana. Itumie. Mimi pia naitumia, lakini kama rasimu: mashine inaandika, mimi napitia nikisikiliza neno kwa neno. Dakika kumi za mazungumzo hunichukua karibu saa moja, na kadiri mzungumzaji anavyotamka vizuri ndivyo muda unavyopungua. Kumwambia kiziwi "manukuu ndiyo hayo yaliyopo" ni sawa na kumpa mwanafunzi daftari lenye makosa ambayo hana njia ya kuyatambua. Yeye hawezi kulinganisha na sauti. Anakuamini wewe.

Faili la manukuu lisikutishe, ni maandishi ya kawaida kabisa. Aina inayotumika zaidi huitwa SRT, na kipande chake kinakuwa hivi:

12
00:04:07,200 --> 00:04:10,900
Usikate kwenye mstari wa chaki.

13
00:04:11,300 --> 00:04:15,600
Kata sentimita moja na nusu
nje ya mstari huo.

Namba ya mpangilio, muda wa kuingia na wa kutoka, maneno, kisha mstari mtupu. Muda unasomwa saa, dakika, sekunde, na baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde. Aina nyingine, VTT, inaanza na neno WEBVTT juu kabisa na inatumia nukta mahali pa mkato; tofauti hiyo ndogo huwatoa watu jasho wakibadilisha faili moja kuwa jingine. Hifadhi faili kwa mfumo wa herufi uitwao UTF-8. Kiswahili hakina herufi nyingi za ajabu, lakini kile kibainishi cha "ng'oa" na "ng'ambo" kikiwa cha kupinda kinaweza kugeuka alama zisizosomeka usipofanya hivyo.

Weka mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Waandishi wengi wa manukuu hukomea karibu herufi 42 kwa mstari, nami nakushauri upungue hapo, kwa kuwa wengi wanakutazama kwenye skrini ya simu. Kuhusu kasi, utakuta miongozo inayohesabu maneno kwa dakika; BBC kwa mfano husema 160 hadi 180. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza, ambako "nitakuonyesha" ni maneno manne. Ukiifuata kwa Kiswahili utamkimbiza msomaji. Hesabu herufi: 15 kwa sekunde ni mwendo mzuri, 20 ni mbio. Kipande kisikae chini ya sekunde moja wala kisipitilize sekunde saba.

Mstari ukatwe mahali ambapo maana inapumua. "Kata sentimita moja na" juu, "nusu" chini, ni kumkwaza msomaji kwenye kizingiti. Vivyo hivyo usiache "cha", "ya" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari wa kwanza huku jina lake liko chini. Ni jambo dogo kwa anayesoma kitabu, lakini huyu anasoma akiwa na jicho moja kwenye mikono yako.

Na hapo pana jambo ambalo sisi tunaosikia hulisahau, nami nililisahau kwa miaka mpaka mhariri mwenzangu ambaye ni kiziwi aliponiketisha akanionyesha. Anayesikia hutazama mikono na kusikiliza maelezo kwa wakati uleule. Kiziwi hawezi, ama anasoma, ama anatazama. Ukieleza huku unakunja, anamaliza kusoma na kunjo limekwisha. Kwa hiyo sema kwanza, nyamaza kidogo, kisha tenda. "Nitaukunja ukingo huu mara mbili, kila kunjo sentimita moja." Kimya. Mikono inakunja. Hizo sekunde tatu nne zinampa kiziwi muda wa kupandisha macho kutoka kwenye maandishi, na zinampa asiyeona muda wa kushika kitambaa chake na kujaribu. Ni badiliko moja tu la tabia, na linawafaa wote wawili walioandika. Ukilazimika kuchagua jambo moja tu katika barua hii yote, chagua hilo.

Manukuu pia yabebe sauti zisizo maneno, kama zina maana. Kuna video ambayo unasema, "Sikiliza mlio huu, hapo ujue uzi wa chini umejisokota." Kwa kiziwi, "sikiliza mlio huu" ni "kata hapa" ya asiyeona. Andika kwenye mabano ya mraba: [cherehani inagonga kwa mdundo mzito]. Kisha, kwenye maelezo yako ya mdomo, ongeza kwamba mkono uliowekwa juu ya meza utahisi mtikisiko mkubwa kuliko kawaida. Hapo mguso unafanya kazi ya sikio. Muziki wa mandharinyuma usioashiria kitu, uandike mara moja tu unapoanza.

Manukuu yawe faili linalowashwa na kuzimwa, au yachomwe ndani ya picha? Kwa video kamili, faili. Mtazamaji anaweza kuyakuza, kubadili rangi, na yanaweza kutafutwa kwa neno. Kwa vile vipande vifupi vinavyosambazwa kutoka simu hadi simu, yachome, kwa sababu faili halisafiri navyo. Ukiyachoma, weka herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, ambayo inatolewa na shirika la W3C na kufahamika kwa kifupi WCAG, inataka utofauti wa mwanga kati ya herufi na mandhari usipungue 4.5 kwa 1. Njano juu ya nyeupe haifiki hata nusu ya hapo. Acha pia nafasi tupu chini ya fremu unaporekodi. Wewe mikono yako ipo sehemu ya chini ya picha karibu muda wote, na ndipo manukuu yanapokaa.

Nikigusa rangi: unatofautisha kipande cha kushoto na cha kulia kwa pini nyekundu na kijani. Kutotofautisha nyekundu na kijani ndiko kunakotokea zaidi miongoni mwa wenye shida ya kuona rangi, na wengi wao ni wanaume. Tumia moja yenye kichwa cha duara na nyingine bapa, au zifunge uzi. Rangi ibaki, isifanye kazi peke yake tu.

Kuna viziwi ambao hata manukuu bora hayawatoshi. Aliyekua akitumia lugha ya alama (wengine huiita ya ishara), lugha hiyo ndiyo yake ya kwanza, na Kiswahili cha kuandikwa ni cha pili au cha tatu. Lugha ya alama ina sarufi yake. Si Kiswahili kinachochorwa hewani. Wala si moja duniani. Shirikisho la Viziwi Duniani linataja zaidi ya lugha 300, na kinachotumika Uingereza hakieleweki Marekani ingawa wasikiaji wa nchi hizo mbili wanazungumza Kiingereza kimoja. Lugha ya alama ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa. Kwa hiyo uliza watazamaji wako wanatumia ipi kabla ya kumlipa mkalimani. Akishapatikana, asifungiwe kwenye kidirisha cha ukubwa wa stempu. Uso, kifua na mikono yote vionekane, mandhari iwe ya rangi moja, nguo yake isifanane na ngozi yake, na asikatwe kila unapobadili picha. Wenzangu wengine wanaona hili ni la mashirika makubwa tu. Sikubaliani nao, ila nakubali kwamba kwako lingoje. Anza na video moja au mbili zinazotazamwa zaidi, na usijaribu kuzifasiri mwenyewe kwa alama chache ulizojifunza wiki iliyopita.

Wewe unapoongea ukitazama kamera, mwanga uangukie usoni na kinywa kisizibwe na kipaza sauti, maana wapo wanaosoma midomo. Na kwa wenye usikivu hafifu, ambao ni wengi kuliko viziwi na hawajitaji, punguza muziki. WCAG inapendekeza sauti ya nyuma iwe chini ya maneno kwa desibeli 20, yaani isikike kama robo ya ukubwa wake. Muziki wako sasa hivi unashindana nawe. Ningeuondoa kabisa unapofundisha.

Lipo moja ambalo halina mjadala. Tarehe 16 Desemba 1997 katuni moja ya televisheni nchini Japani ilionyesha miali ya nyekundu na buluu ikipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege. Kifafa kinachochochewa na mwanga kinaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kujua kwamba anacho. Kanuni inasema kisiwepo kitu kinachomweka zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, na nyekundu iliyokolea ndiyo hatari zaidi. Yale mapambo yako ya kuunganisha vipande, yanayopiga mweko mweupe mara tano sita, yatoe. Onyo la maandishi mwanzoni halitoshi, kwa kuwa mweko humfikia mtu kabla hajamaliza kusoma.

Kuhusu ukurasa unapoweka video zako: isijichezeshe yenyewe, kwa sababu sauti yake itafunika sauti ya kisoma skrini na mtu hatasikia kitufe cha kuzima kiko wapi. Kichezaji kiendeshwe kwa kibodi bila kipanya. Jaribu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe cha Tab uone kama unafika kwenye kila kidude na kama unaweza kutoka. Gawa video ndefu kwa sura zenye majina, ili mwenye mikono isiyotii vizuri asilazimike kuburuta kile kijiti kidogo cha muda, na mwenye kuhitaji kurudiarudia ajue pa kurudi. Majina ya video pia. "Usikose hii!!!" pamoja na vikaragosi (emoji) sita husomwa kwa sauti kikaragosi kimoja baada ya kingine, na mwisho wake asiyeona bado hajui kama ni somo la kola au la zipu.

Sasa video zako 60. Hapana, usirekodi zote upya. Kila unayoirekodi kuanzia leo iwe na mwenendo mpya wa kusema kwanza na kutenda baadaye. Kwa za zamani, chukua kumi zinazotazamwa zaidi, sahihisha manukuu yake, kisha kila moja iandikie maandishi kamili na kuyaweka chini yake. Ninaposema kamili namaanisha yawe na maneno yako pamoja na kinachoonekana. Pale uliposema "weka hapa juu ya hiki", andika: "Weka hapa juu ya hiki. (Kipande cha mfuko kimewekwa juu ya kipande cha mbele cha shati, kushoto, usawa wa kifua.)" Andiko hilo ndilo njia pekee ya kumfikia mtu asiyeona wala kusikia, ambaye huyasoma kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na kompyuta. Watalitumia na wengine pia: wenye mtandao dhaifu, anayetaka kuchapisha hatua na kuzibandika karibu na cherehani yake, anayetafuta kipimo kimoja tu bila kutazama dakika ishirini.

Za kurekodi upya ni zile zinazoweza kuumiza mtu akikosa neno. Kubadili sindano, kusafisha cherehani ya umeme, kutumia pasi. Katika ile ya sindano husemi popote kwamba mtu achomoe waya kwanza. Mkono wako tu unaonekana ukiuchomoa.

Umeandika kwamba ni watu wawili kati ya maelfu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni ana ulemavu mkubwa. Waliokuandikia ni wawili waliopata nguvu ya kuandika. Wengine walifungua, wakakwama, wakaondoka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaliweka hili katika ibara ya 9 na ya 21: kupata habari na maarifa ni haki. Ndiyo sababu ile "omba mtu akae nawe akueleze" imekukera. Uliona mwenyewe kwamba ulikuwa unamtuma mtu mzima akaombe kitu ambacho wengine wanakipata kwa kubonyeza tu.

Warudie wote wawili. Usirefushe msamaha, mwambie kila mmoja nini unabadilisha na lini. Kisha waombe wajaribu video ya kwanza utakayoirekebisha, na muda wao uulipe kama ambavyo ungemlipa fundi yeyote aliyekagua kazi yako. Usiwaulize kama wameipenda, kwa kuwa watasema ndiyo kwa adabu. Mwombe asiyeona ashone hatua tatu akisikiliza, akuambie alisimama wapi. Mwulize kiziwi ni dakika gani alilazimika kurudi nyuma. Majibu yao yatakuwa tofauti na yangu katika mambo fulani, na pakitokea tofauti, wafuate wao.

Ya kwanza iwe lile somo la kukata mabega. Ni fupi, na kosa la "ukate" lipo dakika ya nne, sekunde ya saba. Hilo neno moja lirekebishe leo kabla hujagusa kingine chochote, kwa kuwa somo hilo bado linatazamwa.